Hatukuwa na Memori Kadi

Kwa Kiilu, nyuma ya kinyozi, Maringo,
shilingi kumi ni dakika ishirini za hofu.
Hofu yenyewe ya plastiki:
zimwi lina zipu mgongoni,
damu kama sosi ya chipsi,
na daktari, akiliwa mguu,
hulalamika kwa sauti ya mtu
anayesoma matangazo ya vifo redioni.
Ufunguo wa mochari umo ndani ya keki.
Usiulize. Kata keki.

Tulicheka hadi Kiilu akatishia kuzima,
ila hakuna aliyekubali kukaa karibu na mlango.

Kila siku tulianzia pale pale:
mvua, geti, mbwa asiye na kichwa anabweka.
Niliijua ile korido kuliko njia ya shule.

Halafu Nekesa, mke wa Kiilu,
aliyekuja tu kuchukua pesa ya unga,
akashika padi.
Akapita ngazi. Akapita jikoni,
akamuua mpishi kwa mwiko,
akafika mlango ambao hatukuwahi kuuona,
mwekundu, wenye kengele.
Watu kumi na wawili hatukupumua.
Akabonyeza.

Stima ikapotea. Maringo nzima.

Gizani mtu aliushika mkono wangu
na sikuuliza ni nani.
Jenereta ya bucha ikakohoa, ikakataa.
Kisha Nekesa, polepole,
kwa sauti ile ile ya matangazo ya vifo:
"Samahani. Nadhani naliwa mguu."