Vidonge vya Ijumaa

Bi Martta, nimekaa na damu ya kaka yako
majira yote ya baridi, hapa Turku,
kichupa kisichozidi kidole gumba,
nambari mahali pa jina.

Mashine ilichora mlima.
Nilitegemea kichuguu, kama cha kila ameyezaye
dawa ya sonona kwa mpango, asubuhi, na kahawa;
ikachora mlima uliotoboa ukingo wa karatasi.
Polisi walikwisha kuandika neno lao.
Wanalo tayari, kama muhuri,
kwa mjane wa miaka sitini na mitatu
aliyekutwa jikoni mwezi wa Novemba,
redio ikiendelea kusoma hali ya hewa.

Ulipopiga simu hukuuliza kafa na nini.
Uliuliza: "Alinikasirikia?"
Sina chombo cha kupima hilo.

Kisha wakaniletea kile kisanduku cha plastiki
chenye vyumba saba.
Jumatatu tupu. Jumanne tupu. Jumatano. Alhamisi.
Na Ijumaa imejaa, kila kidonge mahali pake,
hata kile cha njano cha vitamini.
Huo si ushahidi, alisema mkuu wangu.
Kweli, si ushahidi.
Lakini usiku ule sikuzima mashine.

Nikaishukia nasaba.
Ini lina vibarua, Bi Martta, wa kuivunja dawa ile;
kwa watu wengi wapo wawili.
Oiva alizaliwa na mmoja.
Nakala aliyopewa na baba yenu ilikuwa na herufi iliyokosewa,
na ya mama yenu, kosa lile lile:
watu wazima wa visiwa viwili
waliokutana kwenye dansi ya kiangazi
wakapendana, kosa kwa kosa.

Kibarua aliyebaki alijitahidi miaka sita.
Oktoba, daktari mwingine, kliniki nyingine,
akamwandikia dawa ya fangasi ya kucha.
Aliona haya kuvua soksi kwenye sauna, uliniambia,
ukacheka kidogo, ukaacha.

Fahali wawili hawakai zizi moja, husemwa.
Hawa walikaa, wala hawakugombana.
Mmoja alimshika kibarua mkono, kwa upole,
mwingine akajikusanya:
kila asubuhi kidonge kile kile,
kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kopo,
juu ya cha jana ambacho hakijaondoka.

Hakuzidisha. Alizidiwa.

Nilikusomea hayo maneno mawili kabla ya ripoti yenyewe.
Nikasikia kiti kikisogezwa.
Ukasema utaigeuza picha yake, itazame chumba tena.
Halafu, baada ya kitambo:
"Baba na mama ni wale wale."
Ndiyo.
"Nami nameza kitu tangu tumzike."

Kwa hiyo bahasha hii.
Usiache ghafla, usiongeze, usiningoje mimi;
nenda leo kwa daktari wako na makopo yote mkobani,
hata ya mafua, hata ya kucha.
Ndani mna kijiti cha pamba.
Kisugue shavuni kwa ndani, kama mtu anayetafuta
punje iliyokwama kwenye jino,
ukirudishe kabla ya Alhamisi.

Kichupa chako nimekiandika jina.
Kanuni zinataka nambari.
Nitaibandika kesho.