Shaba kwa Kipimo

Wenzake wote wa mgodini wanafuga njiwa.
Njiwa akiugua unamtia ndani ya koti,
unapanda tramu hadi kwa daktari wa mifugo, basi.
Ewald wangu kafuga bahari.
Lita mia tatu na hamsini za bahari, ghorofa ya nne,
hapa Zabrze, ambako maji tuliyokulia
ni ya mvua na ya supu.

Jumanne kaniamsha saa tisa usiku.
“Trudla, zima taa. Shika tochi. Mmulike kwa ubavu.
Si usoni! Kwa ubavu.”
Nikammulika kangaja wa manjano,
yule ambaye bei yake sikuambiwa,
niliikuta mfukoni mwa suruali siku ya kufua.
Pua kaielekeza kwenye mkondo wa pampu
kama abiria aliyekosa dirisha.
Mwani uliobanwa kiooni hajaugusa tangu asubuhi.

“Ingekuwa madoa meupe,” akasema,
“ungeona chumvi, punje punje, ungezihesabu.
Hii haihesabiki. Hii ni vumbi.”
Na kweli, kwenye mwanga ule wa upande
ngozi yote ilikuwa unga wa dhahabu,
mzuri, Mungu nisamehe,
mzuri kama poda ya bibi harusi.
“Vumbi,” akarudia,
na neno hilo nyumbani kwetu halisemwi ovyo.

Vumbi huanza na matamvua.
Ngozi ndiyo ya mwisho kupata habari.
Nalijua hilo: miaka ishirini na tisa
alirudi kutoka shimoni kaoga, shingo nyeupe pe,
kanukia sabuni,
na ile picha ya kifua, daktari alipoipachika ukutani,
ilikuwa usiku mtupu.

Tukahesabu. Mimi tochi, yeye saa.
Tamvua lilifunguka mara mia na ishirini kwa dakika.

Kosa lilikuwa la Machi. Alinunua kitelezi kimoja Katowice,
kidogo kama kidole cha mtoto,
akakitumbukiza siku ile ile.
Sheria anaijua: karantini, siku thelathini.
Nilipomuuliza, akanijibu bila kugeuka,
“Thelathini! Mimi nimebakiwa na thelathini ngapi?”

Kwanza maji matamu, joto lile lile, dakika tano,
mkono wake majini, asimwache peke yake.
Kisha hospitali: pipa langu la kabichi chachu,
kiwiko cha bomba la plastiki awe na pa kujificha,
mchanga hakuna, jiwe hakuna.
Kisha shaba, tone baada ya tone, siku mbili nzima.
Ikipungua, vimelea wanacheka.
Ikizidi, unazika samaki aliyepona.
Na kwenye bahari kubwa usithubutu:
kamba watakufa, matumbawe yatakufa,
na mwamba ukishainywa shaba hauitapiki leo wala kesho.
Bahari kubwa ikae wiki sita bila samaki.
Adui akose mwenyeji, afe njaa.

Wale wawili wa rangi ya chungwa hawakufika Alhamisi.
Wamo kwenye chungu cha jirani. Frau Wieczorkowa
anashangaa maua yake yanavyositawi, namwachia ashangae.

Siku ya kumi na mbili kangaja akanyofoa mwani.
Kipande kimoja, akakitema, akakirudia.
Ewald akapiga kelele kama timu imefunga bao,
kikohozi kikamkamata hapo hapo, tukakaa sakafuni
hadi kilipomwachia.

Usiku yanabubujika mawili:
jiwe la hewa pipani, na mashine ya oksijeni kitandani.
Silali. Nina daftari, nina kalamu ya risasi.
Kangaja, sabini na nane.
Shaba, nukta tano.
Na mstari wa chini, sijui kwa nini, bila jina,
ishirini na sita.

Asubuhi kavaa miwani, kakagua.
“Trudla, hapa umeandika tano kamili. Umetuandikia sumu.”
Akaichora nukta mahali pake, akaweka na sifuri.
Ile ishirini na sita hakuigusa.