Duara Mia Moja

Siku ya kwanza nilikabidhiwa chuma kama kifuniko cha sufuria.
"Bonyeza, zungusha," akasema Marudhachalam,
"usiogope, visu viko ndani."
Kikatoka kipande cha mviringo, kikafunika kiganja changu:
sentimita mia za mraba, si zaidi, si pungufu.
Nikakiweka mizanini, nikapumulia pembeni.
Gramu moja na nukta nane.
"Zidisha mara mia. Hiyo ndiyo mita ya mraba.
Sasa jora zima umelishika mkononi."

Hapa Tiruppur kitambaa hununuliwa kwa kilo
na hakuna mtu anayevaa kilo.
Mwuzaji anatazama mzigo, fundi anatazama meza,
katikati yao nipo mimi, Poongodi, penseli sikioni.
Kilo ishirini na mbili. Gawanya kwa uzito wa mita,
gawanya tena kwa upana, mita moja na sentimita sitini:
mita sabini na sita za urefu, na kichele.
Andika.
Jora lingine.

Mwezi wa Aippasi mvua ikaja na kukaa.
Kuta za ghala zikatoa jasho,
daftari likawa laini kama chapati ya jana.
Ekambaram, fundi mkuu wa kukata, akashuka ngazi
na tepu shingoni, macho kwenye mkoba wangu.
"Kila jora limepungua karibu mita tano.
Majora sitini! Fulana zaidi ya mia nne!
Zimekwenda wapi, dada?"

Sikumjibu. Nilikata duara mbele yake.
Gramu moja, nukta tisa, mbili.
Nikakata la pili, la jora jingine. Yale yale.
Kisha nikayaanika juu ya balbu ya taa,
tukakaa kimya kama watu wanaongoja chai.
Nikapima tena:
moja, nukta nane.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Haya yalizolewa,
yakakunjwa vizuri, yakafungwa kamba,
yakauzwa kwetu kwa bei ya pamba,
kilo moja na zaidi ndani ya kila jora.
Pamba haina hatia; hunywa kilichopo hewani.
Mwenye ghala ndiye aliyejua siku ya kupima.

Ekambaram alicheka, kisha akaacha kucheka.
Hakuomba radhi. Alivua tepu shingoni,
akaisahau mezani pangu hadi Jumatatu.

Lakini kwenye mkoba kulikuwa na kitu kweli.
Duara zilizokwisha kupimwa hutupwa, na mimi sizitupi.
Buluu ya shehena iliyorudishwa, nyekundu iliyochuja,
nyeupe ya wiki aliyozaliwa mjukuu wangu Yazhini.
Nilihesabu mia moja. Mia mara mia:
mita moja ya mraba, blanketi ya mtoto, kamili.

Nikazipanga sakafuni, kumi kwa kumi.
Zikagusana mabega tu.
Katikati ya kila nne pakabaki kitundu
chenye pembe nne zilizobonyea,
na sakafu ikanitazama kupitia humo.
Miaka kumi na tisa nageuza duara kuwa mraba kwa kalamu,
na sikuwahi kuambiwa
kwamba duara zenyewe hazikubali.

Vitundu nikavijaza kwa chochote:
pindo la sari ya mama, mfuko wa suruali ya marehemu,
kipande cha lebo chenye jina la mji nisioujua.
Usiku wa zamu nikaibeba, nikaiweka mizanini.
Hesabu ilitaka gramu mia na themanini.
Mizani ikasoma mia mbili arobaini na sita.

Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.
Ningeweza kuianika juu ya taa, nijue
kiasi gani ni maji.
Nikaikunja.
Kwenye daftari, safu ya tofauti,
sikuandika kitu.