Moshi wa Udi

Harusi ilikuwa moja, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kamera moja, bega langu moja lililouma siku mbili.
Mashine ndizo zilikuwa mbili.

Ya Hozza imetoka dukani juzi,
ina kadi ya picha yenye feni tatu
na taa za rangi kama jukwaa la taarabu.
Ukiipa saa tatu za shughuli
inafumba macho, inazimeza,
dakika kumi na nne, imeshiba.
Haitafuni.

Yangu kuukuu,
niliinunua mnadani, ofisi ya mkonge ilipofungwa.
Haina kadi. Ina prosesa yake tu,
nayo hufanya kazi kama mchambua mchele:
ukuta haukusogea, usiuandike mara ya pili;
pazia limetikisika, andika mtikisiko peke yake;
uzi wa shela huu, taratibu, usije ukakatika.
Usiku kucha inanung'unika,
LUKU inashuka uniti kwa uniti,
nami nimekaa ninaitazama mita
kama muuguzi wa zamu.
Saa nane umeme ukakatika.
Nikaanza upya.

Tulipokuja kuzipima,
ya Hozza giga sita na ushee,
yangu giga mbili kasoro.
"Unene si ugonjwa," akasema,
lakini akairudia, akaibana hadi zikalingana.
Haya, uzito sawa. Tutazame.

Mchana, uani, watu wamekaa mkekani,
sikuona tofauti, nisiseme uongo.
Hozza akaanza kupiga mluzi.
Kisha tukaingia ndani, taa hafifu,
chetezo kikapitishwa chini ya kanga,
na moshi wa udi, kwenye faili yake,
ukapanda juu kwa matofali.
Matofali kabisa, ya kijivu, ya mraba,
unaweza kujengea choo.
Mluzi ukakatika.
Kwangu ulikuwa moshi.

Bi Mwanamvua akaja saa nne na flashi ya giga nne,
dada yake Maskati anasubiri, bando linaisha Ijumaa.
Akazitazama zote mbili kwa simu
yenye kioo kilichopasuka pembe hadi pembe.
"Mbona ni zile zile?"
Ni zile zile, mama, nikasema.
Kile kioo kilikuwa kimeshaamua kabla yetu.
"Basi nipe yoyote, bodaboda ananingoja."

Mjukuu wake, Mwanakheri, meno ya mbele hana,
alikuwa amepanda kiti changu,
pua imegusa skrini kubwa ya Hozza.
"Bibi, mbona shangazi mkononi ana tope?"

Ilikuwa hina.
Maua ya siku nzima, ya somo wa kutoka Pangani,
kila jani na mshipa wake.

Bi Mwanamvua akarudi kutoka mlangoni.
Akatazama. Akavua miwani, akaipangusa, akatazama.
Bodaboda akapiga honi, hakujibiwa.
Hakunisifu mimi, hakumlaumu Hozza.
Akanyoosha flashi:
"Nitilie ile iliyokesha."

Tangu siku hiyo tumegawana kazi.
Mahafali, mikutano, mpira wa Mkwakwani, vyote kwake,
watu wanataka jioni ile ile, na wana haki.
Vya ndani, vya gizani, vinavyofuka, ni vyangu,
na bili ya umeme pia ni yangu.

Hozza anasema kadi za mwakani zitaujua moshi.
Huenda. Hata hii yake,
anasema, ni afadhali kuliko ile ya kaka yake.
Ikija, nitawasha chetezo mbele yake,
nikae pembeni,
nione.