Mlaze Ubavu

Hapana, Ganzorig, usimpe chai ya chumvi. Rudisha birika.
Wala usimburute bafuni: maji baridi hayalevui,
yanaua.

Solongo kapiga magoti zuliani.
Mkono wa mdogo wake kauweka chini ya shavu,
goti kalikunja, kamlaza ubavu
ili matapishi yapate njia isiyo koo.
Nje Erdenet imeganda, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na gari la wagonjwa liko bado mlimani.

"Mwache alale, pombe itamtoka yenyewe,"
asema mjomba, kofia mkononi.
Hivyo hivyo walisema kwa baba.
Kulipokucha, wakamfunika uso.

Basi anahesabu.
Pumzi. Moja, mbili, tatu,
saba, nane,
kimya,
tisa.
Pumzi.

Midomo imeingia rangi ya wino.
Anamtandikia joho la marehemu, lingali linanuka moshi,
anamfinya ndewe ya sikio:
"Temuulen, nitukane.
Nitukane tu, nisikie."

Taa ya buluu inapita ukutani, inarudi.
Mlango unagongwa.
"Ingieni," asema, bila kugeuka,
"nimefika sita."