Hapo

Kahindo aliuliza Ijumaa, kipindi cha mwisho,
vidole vyake vimejaa chaki:
"Mwalimu, kama mahali na wakati ni kitambaa kimoja,
kimefumwa na nani, na kinashikwa wapi?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka, nipate kupumua.
Kengele ikaniokoa.

Nilirudi kwa miguu. Chukudu ya makala ikanipita mteremkoni,
mwendeshaji amepiga goti moja, macho kayafumba nusu,
nami njia nzima nalitafuna lile swali
kama kipande cha muwa kilichokwisha utamu
na bado hakitemeki.

Nyumbani kwangu, Majengo, nina sakafu mbili.
Ya juu naipiga deki kila asubuhi.
Ya chini ni ya mama: kitanda cha chuma, sufuria tatu,
saa ya ukutani yenye picha ya jogoo,
vyote vimo ndani ya jiwe tangu Januari ile
mlima uliposhuka mjini bila kuuliza njia.
Tuliporudi, jiwe lilikuwa likitoa moshi,
soli za viatu zikalainika,
na paa tuliloliacha juu ya vichwa vyetu
tukalikuta usawa wa magoti.
Tukajenga juu yake. Tungejenga wapi?

Mama hakurudi nasi. Alifia Sake, kitandani kwa watu,
akiuliza kama nilizima jiko.
Nikamjibu ndiyo.
Sikulizima. Moto ulikuja kuuzima moto.

Kwa hiyo mtu akiniuliza zamani iko wapi
sinyooshi kidole nyuma, kama wengine.
Nanyoosha chini. Mita tatu.

Vitabu vinasema, na hesabu nimeirudia mara mbili,
kwamba saa iliyo karibu na kitovu cha dunia huchelewa;
iliyo juu hukimbia.
Basi saa ya jogoo, kama mikono yake ingekuwa bado inatembea,
ingekuwa nyuma ya yangu.
Kwa kiasi gani? Gawa sekunde moja vipande milioni.
Chukua kipande kimoja, ukikate mara tano.
Chukua kimoja.
Miaka yote hii, na tumeachana kwa hicho tu,
mwanya usiopitisha hata uvuguvugu.
Lakini si sifuri, Kahindo. Andika kwenye daftari: si sifuri.
Kuna jikoni ambamo bado ni mapema kidogo.

Jioni redio ya Kinshasa inasoma saa: kumi na mbili kamili.
Kwangu ni saa moja, giza limekwisha kukaa,
juu ya mlima wekundu umeanza kuonekana.
Nchi moja, msomaji mmoja, sasa mbili.
Na nyota ile juu ya ziwa ninayoiita ya leo
iliutuma mwanga wake kabla sijajua kusoma.

Nilikuwa nasahihisha madaftari, mshumaa unakaribia kisosi,
ndipo nikaliona jibu limekaa mdomoni mwetu siku zote,
dogo kama punje ya mtama:
po.
Nilipo, ni mahali.
Nilipokuja, ni wakati.
Nilipokuwa, haya, nani atanitenganishia?
Hapo mlangoni. Hapo zamani.
"Hapo nilipokuzaa," mama alikuwa akisema,
wala sikuwahi kumuuliza kama anaonyesha chumba
au ile alfajiri ya mvua.
Bibi zetu hawakuingia maabara.
Walikishona kitambaa kwa silabi moja
wakaukata uzi kwa meno.

Jumatatu nitamwambia Kahindo: kinashikwa hapo.
Namjua. Atauliza, hapo wapi?
Kisha, kabla sijajibu, hapo lini?

Nitapiga sakafu ya darasa kwa kisigino, mara mbili,
nisikilize.