Mstari wa Chokaa

Babu wa babu yangu, Mwinjaka wa Nyamvula,
hakuupiga mpira ule hata mara moja.
Kazi yake ilikuwa chokaa.

Alikuwa amerudi kutoka Jasini mwezi wa Rajabu,
mabega yamechubuka kwa mnyororo wa kupimia nchi:
Mdachi mbele na darubini yake ya miguu mitatu,
Mwingereza kando akiandika,
yeye katikati akivuta chuma kichaka hadi kichaka,
akiambiwa kaza, akikaza,
mpaka mnyororo ukapita
baina ya shamba la mama yake
na kisima cha mama yake.
Hakuuliza. Mshahara ni rupia, na rupia haina shamba.

Basi walipotaka mstari mwingine, Tanga,
nyuma ya Ngamiani, penye mchanga mwekundu,
walimwita yuleyule.
"Wewe unajua kunyoosha."
Akachukua ndoo na ufagio wa chelewa,
akauzunguka uwanja kinyumenyume
kama mtu anayefuta nyayo zake.
Boriti mbili za mkoko huku, mbili kule,
kamba ya usumba juu.
Duara la katikati lilitoka yai. Akaliacha.

Alasiri ikaja na watu wake.
Wa Tanga: wanafunzi wa shule ya serikali,
makuli wa bandarini, tarishi mmoja mwenye mbio.
Wa Vanga: watu wa Mwingereza,
kama walivyoanza kuitwa mwaka ule,
waliotembea siku mbili, vyeti vimefungwa pindoni.
"Mataifa mawili!" akatangaza bwana mkubwa,
na mkalimani akakwama hapo.
Akatazama huku, akatazama kule,
akaona wajomba na wapwa, watani, mtu na shemejiye.
Akasema: "Eti sisi ni wawili."

Kabla ya kipenga pakazuka neno:
ndani ya ngozi ile mna nini? Kibofu cha nguruwe?
Maana Magharibi tutaswali na miguu hii hii.
Mwalimu wa chuo akaunusa, akaubonyeza,
akasema ni utomvu wa mti, mtauona unavyodunda.
Wakaamini nusu.
Wengine walicheza kwa visigino.

Niwaambie nini juu ya mchezo? Sikuwapo.
Nasikia aliyecheza vizuri kuliko wote ni vumbi.
Nasikia tarishi alipitiliza mlango na mpira wake,
akaufikisha kwa wauza mihogo,
kwa mazoea ya kufikisha vitu.
Nasikia Tanga moja, Vanga moja,
na jua limeinamia Pongwe.

Ndipo Masemo wa Vanga, mtoto wa mama mdogo,
akauchota kwa kidole gumba, ukapanda,
ukagonga boriti, ukaanguka mstarini.
Si ndani. Si nje.
Juu yake.
Ukatifua wingu dogo jeupe, ukatulia.

Mdachi: nje.
Mwingereza: ndani.
Kisha wote wawili, kwa mara ya kwanza,
wakamtazama mtu wa ndoo.
"Wewe ndiye uliyechora. Sema."

Masemo anamtazama, jasho na makamasi.
Tanga nzima inamtazama.
Mwinjaka akapiga magoti, akapima kwa shubiri,
akajifuta vidole kwenye kikoi.
"Mabwana, mstari wenyewe niliuchora kombo.
Na si huu peke yake."

Mkalimani alitafsiri nusu ya kwanza tu.

Wakamkata nusu rupia.
Usiku wa Vanga walilala kwake,
sinia moja, wali na papa,
wakibishana bao au si bao
mpaka muadhini akawanyamazisha.
Ijumaa ikanyesha, chokaa ikaenda na maji.
Mawe ya Jasini hayakwenda.

Mwaka jana, Horohoro, afisa akafungua pasi yangu,
akaniuliza ninavuka kwenda kwa nani.
Nikamwambia: kwa kina Masemo.
Kwa shughuli gani?
Tuna kesi ya bao, nikasema.
Akanitazama kitambo, akautafuta muhuri.